Wivu Wangu kwa Baba wa Balbu

Nimewahi kumwonea wivu mtu aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa. Hakunikosea kitu. Alizaliwa Amerika, akafanya kazi yake huko, akazeeka na kuzikwa huko, na sidhani kama alipata kusikia habari za Kigoma nilikozaliwa, sembuse Bellevue, mtaa wa Johannesburg ninakoishi. Hata hivyo kwa majuma kama sita nilimchukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemsogezea mpaka wa shamba. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, nina mke na mtoto, na kanisani naheshimika. Naandika haya kwa aibu, ingawa si aibu tupu.

Mtu mwenyewe ni yule anayesifiwa dunia nzima kwa balbu ya umeme. Jina lake kila mtoto wa shule analijua, kwa hiyo sitalitaja. Ametajwa vya kutosha.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali Johannesburg. Hapa kila mtu anauita lodishedi, hata bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza. Umeme ulikatika asubuhi watu wakijiandaa kwenda kazini, ukakatika tena jioni wakiwa na sufuria jikoni. Sisi tunakaa katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Chumba chetu kilikuwa sebule ya wenyewe enzi hizo, na dari lake bado lina maua ya plasta. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu wa Uvira, na cherehani yake iko chini ya dirisha. Binti yetu analala nyuma ya kabati. Chumba cha mbele kinachotazama barabara amepanga kinyozi mmoja Mrundi.

Mimi nasuka mota. Nafanya kazi Jeppestown, kwenye karakana inayoletewa mota za pampu na mashine zilizoungua. Tunatoa waya ulioungua na kuzungushia mpya. Jirani zetu pale wanatengeneza kompyuta, na betri za laptopu zilizochoka wanazitupa kwenye pipa. Ukiipasua moja, ndani unakuta betri ndogo sita au nane, nene kama kidole gumba, na si zote zilizokufa. Nikaanza kuziokota. Nilizipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikafunga juu yake vitaa vyeupe nilivyong'oa kwenye televisheni mbovu, nikaweka swichi. Jioni mgao ulipokuja, chumba chetu peke yake kwenye ile korido kilikuwa na mwanga wa kusomea. Majirani walikuja mmojammoja kuchungulia mlangoni, na mimi nilikaa kitini nikijifanya sioni.

Furaha hiyo ilidumu majuma mawili. Makopo yalianza kufa, kwanza la kwetu, kisha la kinyozi, kisha mengine niliyowagawia watu. Betri moja mbovu ilikuwa inazinyonya nzima. Nilipima, nikabadilisha, nikapima tena. Nilitukana kwa Kiha ili mtoto asielewe.

Mke wangu alikuwa anapinda sketi. Hakuinua hata macho.

"Papa, unazipima siku ileile unazichaji," akasema. "Siku ile zote zitakuambia ziko muzuri. Ziache zilale siku saba, ndiyo upime. Yenye itashuka, tupa."

Nikacheka. Nilimwambia betri si maharage. Mama yake alikuwa anauza mbegu za maharage sokoni Uvira, na yeye amekua akichagua punje. Hakubishana nami. Alichukua betri zangu, akaziweka kwenye ungo, akausukuma ungo chini ya kitanda. Siku ya saba aliniita nije na mita yangu ya kupimia umeme. Zilizoshuka alizifunga uzi mwekundu, zikaenda pipani. Zilizobaki akazipanga kwa nguvu zake: zinazolingana hizi akazifunga uzi wa bluu, zile uzi wa kijani, zile wa njano. Akaniambia ndani ya kopo moja niunganishe rangi moja tu.

Kopo nililotengeneza hivyo lilimaliza kipupwe chote bila kuzimika. Tangu hapo ikawa desturi yetu. Jumapili tukitoka kanisani, mimi namwaga betri za juma zima mezani, yeye anazilaza kwenye ungo, na za juma lililopita anazichagua kwa nyuzi zake, mimi nazichomelea. Nyumba nzima ikawa na makopo. Watu waliponiuliza safari hii nimefanyaje, nilijibu kwamba ni utaalamu. Sikusema utaalamu wa nani, na hakuna aliyeuliza.

Kanisa letu liko katika ghala la zamani hukohuko Jeppestown, na karibu wote ni Wakongo. Kuna saa ya ushuhuda. Mtu aliyepata kazi anasimama, aliyepona anasimama, aliyepata karatasi zake za uhamiaji anasimama na kulia. Jumapili moja nilisimama mimi. Nilisema nilihangaika na betri mpaka nikataka kuacha, na ndipo Mungu akanionyesha siri yake nikiwa usingizini: ziache zipumzike siku saba, kama Yeye mwenyewe alivyopumzika siku ya saba. Ghala lilitikisika kwa shangwe. Mke wangu yuko kwenye kwaya, na nilimwona katika kitenge cha bluu akipiga vigelegele pamoja na wenzake. Mchungaji akaniita Papa Injinia. Mpaka leo wananiita hivyo, na mpaka leo naitika.

Binti yangu alikuwepo siku hiyo, kwenye benchi la watoto.

Ana miaka kumi na mmoja na amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachonong'ona, ila mara nyingi akijibu anajibu kwa Kiingereza. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili tusikie sote. Shuleni kwao wana kitu kinaitwa orali. Mtoto anasimama mbele ya darasa, anazungumza juu ya jambo alilopewa, mwalimu anatoa alama. Muhula ule mwalimu aliwaambia wachague mvumbuzi, awe mtu maarufu au awe mtu wanayemjua. Mshindi wa kila darasa angezungumza ukumbini mbele ya wazazi wote.

Nilijua atamchagua nani. Nilijua kabla hajavua viatu. Nikaketi vizuri kitini, nikangoja kuulizwa maswali.

Alitoa mkobani picha ya mzee wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na tai ya kipepeo, ameshika balbu. Akaibandika ukutani juu ya kitanda chake.

 Jioni umeme ukakatika, na binti yangu akawasha kopo, akaliweka karibu na karatasi zake, akaanza kusoma habari za yule mzee kwa sauti. Kwa mwanga wangu! Hilo ndilo lililoniuma. Kama angesoma kwa mshumaa labda ningevumilia.

Tukasikia maisha yake yote, jioni moja baada ya nyingine. Tulisikia kwamba alipokuwa mdogo mwalimu wake alimwona kichwa kizito, mama yake akamtoa shule na kumfundisha mwenyewe nyumbani. Alichuuza magazeti na peremende ndani ya treni, na humohumo ndani ya behewa alifanya majaribio yake ya kemikali. Masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri. Alijifunza kazi ya telegrafu, kupeleka habari kwa waya, akatengeneza hiki na kile, akapata fedha, akajenga karakana kijijini na kuijaza mafundi. Pale walitafuta kitu chembamba cha kuweka ndani ya balbu, kiwake bila kuungua upesi. Walijaribu majani, mbao, karatasi, hata nywele za ndevu. Mwishowe wakachukua uzi wa pamba, wakauchoma ukawa mkaa, wakautia ndani ya kioo kilichonyonywa hewa. Ukawaka kwa saa nyingi.

Cherehani ikasimama.

"Uzi?" mke wangu akauliza. "Uzi wa kushonea?"

"Uzi wa kushonea, Mama."

"Nani alimupa?"

Binti yangu alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. Haikuandikwa. Mke wangu aliguna, akaendelea kushona.

Mimi nilikwenda kumchimba yule mzee. Kila siku saa ya chakula, wenzangu wakicheza karata nyuma ya karakana, mimi nilikuwa na simu yangu nasoma habari zake kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilitafuta ubaya. Ukimtafutia mtu ubaya kwa bidii utaupata, na mimi nilikuwa na bidii kuliko aliyelipwa. Jioni nilirudi na mzigo wangu.

"Unajua kuna Mwingereza aliyewasha balbu kabla yake?"

"Ndiyo, Papa. Nimeiandika ukurasa wa pili."

"Na unajua hakuwa peke yake? Kulikuwa na fundi wa kupuliza vioo. Kulikuwa na mtu wa hesabu. Kulikuwa na watu kibao wanakesha pale."

"Najua."

"Haya, nitajie majina yao."

 Nilifurahi kumwona amenyamaza, na furaha hiyo juu ya mtoto wa miaka kumi na mmoja si kitu cha kujivunia.

Jambo moja nililikuta na sikumwambia. Baadaye, alipokuwa na jina na mali, akatokea mpinzani mwenye umeme wa namna nyingine, unaosafiri mbali zaidi, ndio huu ulio ukutani mwetu leo. Mzee hakuweza kustahimili. Alieneza kwamba umeme wa mwenzake unaua, na watu wa upande wake wakaua mbwa mbele ya hadhira ili waonyeshe. Nilisoma hayo mara tatu nimekaa juu ya mota iliyovuliwa waya. Mtu mkubwa namna ile, na roho inamwuma hivyo! Nilimwelewa kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza na ya pekee kumpenda, kwa dakika kama tano.

Ijumaa moja nilimkalisha binti yangu.

"Mwalimu alisema hata mtu unayemjua," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Nakukumbusha tu."

Alinitazama. Ana macho ya mama yake, hayapepesi. "Unataka nikuzungumzie wewe, Papa?"

"Sijasema hivyo."

"Papa."

"Kama wewe mwenyewe unataka."

Akacheka, na akakubali. Alisema ni wazo zuri kwa kuwa watoto wengine wanne wamemchukua mzee yuleyule. Sikuipenda sababu hiyo ila niliichukua. Picha hakuibandua.

Kesho yake alikuja na daftari na kuniuliza maswali kama mtu wa redio. Nilimweleza pipa, betri, kopo, vitaa vya televisheni. Aliandika upesi. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anashona gauni la harusi la mteja wa Rosettenville, vitambaa vyeupe vimejaa mpaka kitandani.

"Na ulijuaje betri ipi ni nzuri?"

Swali dogo. Jibu lake lilikuwa limeketi mita mbili kutoka kwangu, lina pini mdomoni. Nilifungua kinywa, na naapa kwamba mpaka dakika ile sikuwa nimeamua nitasema nini.

"Nilifikiri mwenyewe," nikasema. "Siku saba. Na nyuzi za rangi."

Mguu wa mke wangu ulitoka kwenye pedali. Nikahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne. Kisha cherehani ikaendelea.

"Kama ulivyosema kanisani," binti yangu akasema, akaandika.

Alishinda darasani. Wale watoto wanne wa mzee wa balbu waliwekwa kando, wote wanne, na nilimwomba anirudie habari hiyo mara mbili. Jumamosi nilimpeleka Rosettenville kula kuku wa pilipili wa Wareno. Mama yake alisema ana kazi. Binti yangu alikula huku akinisimulia jinsi darasa zima lilivyotaka kopo, na jinsi mwalimu alivyosema baba wa namna hii ni hazina. Nilimwomba arudie na hilo. Ukumbi ulikuwa bado majuma matatu.

Jumapili iliyofuata nilimwaga betri mezani kama kawaida. Mke wangu alikusanya nyuzi zake zote, bluu, kijani, njano na nyekundu, akazitia kwenye droo ya cherehani.

"Leo fanya peke yako, Papa," akasema. "Miye niko na gauni."

Hakuwa amenuna. Angenuna ningejua pa kuanzia. Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Nami kwa kiburi nikajibu haina shida, sharp, na nikakaa na mita yangu. Zilikuwa betri hamsini na zaidi. Nilichoka kwenye ya ishirini. Kinyozi alikuwa anasubiri kopo jipya, kubwa, lenye nguvu ya kuendesha mashine yake ya kunyolea, na nilikuwa nimemwahidi Jumanne. Za juma lililopita hazikutosha kopo kubwa hivyo, na siku saba ningezitoa wapi? Nilizipima siku ileile, zote zikaniambia ziko nzuri, nikazichomelea.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni, kipupwe, giza limeshaingia, nikasikia kelele chumba cha mbele. Tukatoka wote watatu. Kinyozi alikuwa amesimama gizani na mashine isiyonguruma. Kwenye kiti kulikuwa na mteja, kijana wa watu, amenyolewa upande mmoja tu. Upande wa pili nywele zilikuwa bado zote. Jumapili ndiyo alikuwa anakwenda kwao mchumba wake kulipa mahari, na jioni ile alikuwa anakwenda kuonana na wajomba wa msichana.

"Mzee, hii kopo imekufa," kinyozi akaniambia. "Dakika kumi tu! Zile za zamani hazikufanya hivi. Umebadilisha nini?"

Nikasema labda ni baridi.

Mke wangu alirudi chumbani, akaleta kopo letu wenyewe, la uzi wa bluu, akamshikia kinyozi mwanga wakati anamalizia kwa mkasi. Ilichukua muda mrefu. Huku mkasi ukiendelea, alilifungua lile lililokufa na kuchungulia ndani.

"Zimelala siku ngapi?" akaniuliza.

Nilijifanya nakagua swichi.

"Mama," binti yangu akasema. "Siku saba ni zako?"

Mke wangu alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniachia. Hiyo ndiyo tabia yake. Anakuachia nafasi wazi kabisa, upite mwenyewe. Kinyozi alisimama na mkasi hewani. Hata mteja aligeuza kichwa chake kibovu.

"Mama yako huwa ananisaidia," nikasema.

Binti yangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka neno mahali asilisahau. "Anakusaidia," akasema.

Tangu jioni ile hakufanya tena mazoezi kwa sauti. Nilimwuliza kama hotuba iko tayari, akasema iko tayari. Nilimwuliza kama anataka nimsikilize, akasema eish, Papa, utaisikia ukumbini. Nilijipa moyo. Niliwaza kwamba darasani alishinda na mimi, hawezi kubadilisha farasi anayeshinda. Picha ya mzee ilibaki ukutani. Nililala chumba kimoja nayo majuma mawili yale bila amani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mteja wa Rosettenville alikuwa anakuja kulijaribu gauni, kwa hiyo mke wangu alibaki. Alinipigia pasi koti. Ukumbini nilikaa safu ya tatu, katikati, mahali ambapo mtu akiambiwa asimame ataonekana na wote. Nilikuwa nimeandaa namna ya kusimama: si haraka, mkono mmoja kifuani.

Binti yangu alipanda jukwaani na sare yake, amebeba ungo.

Alianza na mzee. Alisema wote tunamjua, na kwamba alikuwa na karakana imejaa watu tusiowajua, na kwamba siku moja alimwuliza mwalimu nani alimpa yule bwana uzi, na mwalimu hakujua. Watu wakacheka kidogo. Kisha akasema katika nyumba yao huko Bellevue kuna taa isiyozimika, na aliyeifanya isizimike ni mama yake. Akaeleza maharage ya Uvira. Akaeleza siku saba. Akainua nyuzi moja moja, akaonyesha betri zilivyokaa kwenye ungo, na ukumbi mzima ulinyamaza kumsikiliza. Aliongea vizuri kuliko alivyoongea mazoezini juu yangu. Nililiona hilo mara moja, na lilinichoma kuliko yote.

"Mama yangu hafanyi kazi peke yake," akamalizia. "Kuna mtu wa kuchomelea waya. Huwa anamsaidia."

Makofi yalikuwa makubwa. Mama mmoja mbele yangu alisimama. Niliangalia mikono yangu juu ya magoti. Nilijua kila neno alilosema ni kweli. Nilijua mwanamke anayesifiwa ni mke wangu, tuko naye miaka kumi na mitatu, na hakuna mtu duniani ninayemtakia mema kuliko yeye. Hata hivyo nilimwonea wivu. Nilimtazama binti yangu jukwaani, na yeye alikuwa ananitazama mimi, mimi tu, mpaka makofi yakaisha.

Hakuwa wa kwanza. Alipata nafasi ya pili. Tulitembea kurudi nyumbani tukibadilishana kubeba ungo, tukizungumza habari za robot, taa ya barabarani, iliyoharibika kwenye njia panda na magari yanavyogombana pale.

Mke wangu alikuwa amepika sombe, ndiyo kisamvu cha kwao, na wali. Gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni, limekwisha. Alifuta mikono, akanivua koti.

"Alisema nini?"

"Alikusema wewe," nikamjibu. "Siku saba, maharage, nyuzi, vyote."

Alikaa. Aliinamia meza, na alipoinua uso nilimwona kama nilivyomwona mara ya kwanza, miaka ile, akiwa mgeni mjini na hajui anakokwenda. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye pia alikuwa anataka kusifiwa. Nilidhani kutaka ni kwangu peke yangu.

"Na batu?"

"Walipiga makofi sana. Mama mmoja alisimama kabisa."

"Na weye? Ulipiga?"

"Nilipiga," nikasema. "Nilipiga mpaka mikono ikauma."

Binti yangu alikuwa anarudisha ungo chini ya kitanda.

"Hakupiga, Mama," akasema.

Mke wangu alinipakulia chakula. Tukala.